Tyubu ya Mlangoni mwa Friji

Ibra, mlangoni mwa friji,
kati ya siki na maziwa ya ngamia,
tyubu ya mama imelala, mkia umekunjwa
kama alivyokunja noti ndani ya leso.

Mwisho wa matumizi: mwezi wa tatu, mwaka jana.
Mama alitangulia mwezi wa kwanza.

Leo Mundhir, miezi saba,
mashavu yamemwiva kwa joto la Julai,
na shangazi Zuweina keshafungua kifuniko:
“Mpakeni. Ilimfaa bibi yake.
Tarehe ni hila ya wenye maduka.”

Nikaminya kwanza juu ya ukucha wangu.
Yakatoka maji, kisha punje punje,
kisha harufu ya mafuta yaliyolala.
Nikakumbuka: tyubu hii ilikwenda Sur,
ikashinda garini mwezi wa Agosti,
usukani haushikiki.
Nani ajuaye kilichobaki humo ni kile kile?

Nikabeba tyubu, nikabeba mtoto.

Duka la dawa, Salha hakufoka.
“Hii kali,” akasema. “Ya viwiko vya mtu mzima, siku saba.
Shavu la mtoto ni ganda la kitunguu, linakunywa kila kitu.
Hata ingekuwa ya jana,
jina lililoandikwa si lake.”
Akanionyesha mchoro mdogo, kikopo kilicho wazi:
tarehe kubwa ni ya tyubu iliyofungwa;
ukishafungua, hesabu ni nyingine.
Mama alifungua lini?
Mama alifungua vitu bila kuandika.

Akamtazama Mundhir shingoni, makwapani.
“Joto hili. Mpunguzie nguo, muogeshe maji ya uvuguvugu.
Alhamisi kama bado, daktari.”

Kisha kisanduku cha dawa zinazorudishwa.
“Tia humu, si jaani. Paka hulamba.”
Mkono ukagoma.
Nikabandua lebo polepole:
*Shinuna bint Khalfan. Mara mbili. Kiasi chembamba.*

Kiasi chembamba!
Yeye, aliyemimina samli mpaka sahani ikaogelea,
aliyefukiza udi mpaka jirani akagonga ukuta.

Lebo nikaitia pochini. Tyubu ikaanguka,
haikutoa hata mlio.

Baada ya isha shangazi Zuweina akaja,
mfuko wa nailoni umefichwa ndani ya buibui.
Akaumwaga mkekani: tyubu kumi na moja,
nyingine hazina vifuniko.
Hakunitazama.
“Nisomee,” akasema.