Barafu ya Ubuyu

Nyemo kaleta simu bwenini:
watu wanacheza magongo juu ya barafu,
wanateleza kama kipande cha sabuni.
Tukacheka. Kwetu barafu ni ya ubuyu,
mia mbili, kwenye ndoo ya Mama Chilewa.

Fainali ya vyuo, Dodoma. Upepo wa Agosti
umefuta mistari ya chokaa mara mbili.
Nadaka, godoro kuukuu limefungwa miguuni.

Dakika ya mwisho, penalti.
Binti wa Iringa akapangusa gongo kwa kiganja.
Vumbi likapita kati yetu.
Nikasikia: ko!
Mpira niliuokota nyuma yangu.

Mama Chilewa hakunidai.
Barafu yake sikuila;
niliibana gotini, ikayeyuka taratibu,
nyekundu, mpaka kwenye soksi,
Iringa wakiimba.