Sweta za Elegu

Husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Sweta zangu zilikuwa nzuri, thelathini na sita,
nimezifuma mwenyewe kule Bulambuli
ambako ukungu huingia jikoni bila hodi.
Na bado nilizitembeza
Elegu, mpakani, mwezi wa pili,
lami ikinata kwenye kandambili,
mbuzi wamejilaza chini ya malori
hawataki hata kusikia neno uzi.

Nani alinidanganya? Hakuna.
Mtu alisema stendi ya Mbale,
"Wasudani wananunua kila kitu,"
nami katika kila kitu nikaona sweta.
Sikuuliza jua la huko huamka saa ngapi.

Siku ya kwanza, sifuri.
Siku ya pili Drijaru, muuza karanga,
aliinua moja, akaipima kifuani kwa huruma,
akaniuliza, "Kwenu kuna mgonjwa?"

Siku ya tatu nikanyamaza.
Biashara haigombi, sawa,
lakini pia haisikii
mdomo wa mwenye mali ukishinda wazi.
Nikakalia mzigo wangu, nikatazama.
Malori: mia moja na kumi na manne hadi darajani,
kisha nikachoka kuhesabu.
Saruji, unga, bia, mabati.
Karatasi zao zimelala ofisini,
madereva wamelala chini ya matela,
siku mbili, siku tatu,
wakinunua maji ya chupa.
Hapo ndipo jicho langu lilipokwama:
wananunua maji ya chupa, hawanywi.
Wanajimwagia kwapani nyuma ya gurudumu,
mmoja kashika shati, mwingine anamchungulia askari.

Mwakio, dereva wa Voi, akaniambia,
"Dada, hiyo sweta niivalie wapi?
Siku ya nne leo sijaonana na sabuni."
Wenzake walicheka. Mimi sikucheka.
Niliisikia sentensi ile ikianguka kama sarafu,
nikaikanyaga haraka,
isije ikaokotwa na mwingine.

Drijaru alikuwa na ua nyuma ya kibanda,
na pampu ya maji hatua sitini.
Mimi nilikuwa na mikono.
Turubai, miti minne, mawe bapa ya kusimamia,
ndoo moja elfu moja mia tano, kipande cha sabuni ndani yake.
Asubuhi ya kwanza tulichemsha maji!
Mtu wa milimani ni wa milimani tu.
Kuni zikaisha, maji yakapoa yenyewe,
na yalipopoa ndipo foleni ilipoanza.

Walitoka wakipiga mluzi, shingo zinang'aa,
kisha wakarudi kuuliza:
"Dodoki je?"

Dodoki hatukuwa nalo.
Usiku nikafungua mzigo,
nikachukua sweta ya kwanza,
nikatafuta ncha ya uzi, nikavuta.
Aliyewahi kufumua alichokifuma
ndiye anayejua sauti ile, trrr,
mkono unakwenda, kifua kinakwenda,
wiki nzima ya macho yako inageuka mpira mapajani.
Sweta moja, madodoki ishirini na mawili.
Kila dodoki elfu.
Nilipiga hesabu mara tatu kwa kidole mchangani:
ilizidi bei niliyokuwa nikiiomba kwa sweta nzima,
nikiiomba, sikuipata.

Nikafumua thelathini na tano.
Moja nikaibakiza, ya kijani, ya shingo ndefu.
Sijui kwa nini. Labda kiburi.

Mwezi wa tatu Mwakio akarudi kutoka Juba, lori tupu.
Alioga, akavaa, akaiona inaning'inia msumarini.
"Hiyo bei gani?
Nikipita Timboroa usiku meno yanagongana."

Nikamtazama.
Nikatazama nyuma yake, upande ule wa barabara
ambao sikuwahi kuuhesabu,
malori matupu, mlolongo, pua zote zikielekea nyumbani,
nyumbani kupitia baridi.

Drijaru alikuwa akijaza ndoo. Akasimama.
"Kaa kwanza," nikamwambia Mwakio. "Kunywa chai.
Mnapita Timboroa wangapi, na saa ngapi?"
Nikaanza kutafuta kalamu.