Nchi Ambayo Baba Ni Mama

Asubuhi ya kwanza mtoto aliita, "Mama!"
na mwanamume mwenye ndevu akageuka,
mkasi wa kupogolea mkononi,
akaitika bila kuona haya.
Nikadhani ni masikio, bado yamejaa ndege.
Nutsa, miaka tisa, mkalimani wangu asiye na mshahara,
alicheka hadi akashika mlango:
hapa baba ndiye mama.
Mama ni deda.
"Na wewe kwenu, ni mama wa nani?"

Mama wa Nyemo, nikasema.
Maneno hayo ningeyatamka Hombolo
wangenitafutia mganga.

Ushirika ulinituma Kakheti wiki tatu
nikaone wenzetu wanavyolea zabibu.
Nikaandika kwenye daftari:
udongo wao mweusi, unashikana kama ugali;
wetu kichanga, ukiupa maji hausemi asante.
Sisi tunaufunga mzabibu kwenye waya, usizidi bega.
Wao wanauacha upande baraza,
uzunguke mlango, umkabe mkomamanga wa watu.
Mitungi ya divai wameizika hadi shingoni.
Nilipita katikati yake nikinyata
kama mtu aliyekosea njia akaingia makaburini.

Salamu yao maana yake ni ushindi.
Wanakutakia, wanapita.
Sisi tunahoji: za nyumbani, za watoto, za mvua,
na jibu ni nzuri tu, hata kama jana nyumba imeungua.
Nilimwamkia Gocha kikwetu, nikauliza habari za usiku,
za mguu wake, za mama yake, za ng'ombe.
Akamtazama Nutsa kwa hofu:
"Kwani kumetokea nini?"

Siku ya kumi baridi ilishuka kutoka kwenye theluji,
na kufikia Ijumaa shamba zima lilikuwa vijiti.
Nikampa Gocha pole.
Kwetu ukikauka hivi, tunang'oa.
"Umelala," akasema.
Wa kwetu haulali, nikamwambia, tena kwa majivuno.
Tunapogoa mara mbili, tunavuna mara mbili,
Machi, kisha Agosti, kila mwaka.
Gocha akaweka mkasi chini.
Nutsa alitafsiri taratibu, neno moja akalisahau njiani:
"Mama anauliza, sasa huo mti unapumzika lini?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu.
Sikulitoa.

Usiku ule mezani chakula kilipoa tukikitazama.
Kwetu sahani ikifika, maneno hunyamaza.
Kwao mtu husimama na bilauri, akasema
mpaka wafu wote wametajwa,
ndipo mnameza.
Gocha aliwataja wake, kisha akaninyooshea mkono:
zamu yako.

Nikasimama. Sikuwa nimejiandaa.
Nikamtaja aliyenunua bati sita mjini
akazipandisha kwenye kenta, akashuka nazo,
akapanda mwenyewe juu ya paa.
Majirani walisimama chini wakiuliza,
"Mwanamume wa nyumba hii yuko wapi?"
Hakuwajibu. Mdomoni alikuwa na misumari.
Nikasema alipogoa alfajiri,
alasiri akakaa barabarani na ndoo za zabibu,
Machi, kisha Agosti, miaka ishirini na sita,
na kwamba sijawahi kumwona akilala,
isipokuwa mara moja,
na siku hiyo nyumba ilijaa watu.
Huyo, nikasema, alikuwa mama.

Nutsa akasita, kijiko hewani.
"Yupi? Wa kwenu au wa kwetu?"
Wote wawili, nikasema. Tafsiri hivyo hivyo.

Akatafsiri. Sijui alisema nini.
Gocha alikunywa bila kunitazama.
Bibi Guliko, asiyesikia vizuri,
aliyaona macho yangu,
akanisogezea mkate
akidhani bado nina njaa.