Nyumba ya Mjomba Naivasha

Dakika moja ya kufikiri, dakika mbili za kusema,
penseli, na karatasi isiyoruhusiwa kutoka chumbani.
Mtahini ameilaza saa yake mezani
kama mtu anayetega chambo.
Nje, Malindi inauza mkate wa sinia,
bodaboda zinagombea mama mmoja mwenye vikapu viwili.
Ndani, kiyoyozi kimeanza kunihoji kabla yake.

Eleza likizo uliyoifurahia, akasema.
Ulikwenda wapi, na nani, mkafanya nini.

Ninayo. Mwalimu Katana alitupa sote
kwa shilingi mia mbili kila jioni,
nyuma ya duka la simu kule Maweni:
Agosti iliyopita nilimtembelea mjomba wangu Naivasha.
Tuliona viboko. Tulipanda mashua.
Hali ya hewa ilikuwa ya kupendeza.
Tuliisoma kwa pamoja kama dua ya hitima,
mimi, Haluwa, Karisa wa stoo,
na yule kijana wa Watamu anayetaka kazi melini.

Nikasema viboko. Nikasema mashua.
Kiingereza kikatoka kimepigwa pasi,
kila mkunjo mahali pake.

Mtahini akakuna kidevu.
Tangu asubuhi ameshakutana na wajomba wanne wa Naivasha.
Akauliza kwa upole,
na upole ndio ulioniangusha:
nyumba ya mjomba ina rangi gani?

Rangi.
Katana hakutupa rangi.

Mimi ni mtandika vitanda, mwaka wa tisa.
Kiitaliano ninacho, cha kuokota:
taulo, mto, kesho, samahani, usiguse;
hapa hakitahiniwi.
Likizo za watu nazijua kwa upande wa ndani,
mchanga kwenye shuka,
ganda la chungwa chini ya kitanda,
kitabu kilichoachwa ukurasa wa arobaini,
mapenzi yaliyokwisha Jumatano
na Ijumaa yakaagiza mito ya ziada.
Kwetu Marafa shule ikifungwa
jembe linafunguliwa.
Na safari pekee tuliyoifungia mizigo
ilikuwa ya mama, Mombasa, jicho la kushoto;
tukarudi na jicho, na deni.

Basi nikaiacha Naivasha ijifie.
Nikamwambia ule mwaka wa barakoa,
hoteli tupu, bwawa limekuwa kijani,
vyura wameingia bila kuandikisha majina.
Bwana Kombe akatugawia funguo:
alale mtu ndani, vyumba visiote ukungu.
Mimi nikapata kumi na nne.

Miaka yote ile nakitandika,
sijawahi kukiona nikiwa nimelala.
Kumbe dari ina ufa, mwembamba, unaelekea mlangoni.
Kumbe anayelala upande wa dirisha
huiona bahari bila kuinua kichwa,
imejaa kwenye kioo kama maji kwenye bilauri.
Kumbe ni hiki wanachokilipia.
Nikalala hadi saa nne asubuhi.
Hakuna aliyebisha hodi.
Mbisha hodi ni mimi.

Yote hayo niliyasema kwa wakati uliopo,
nalala, naona, naamka,
ile "di" yao ya mwisho wa kitendo
imenidondoka mahali,
sijui ni ulimi
au ni kwamba bado niko pale.

Akaandika kitu kifupi.
Saa ikalia. Akaiacha ilie kidogo.

Mlangoni Karisa anangoja zamu,
amevaa shati la harusi ya kaka yake,
midomo inatembea peke yake:
mjomba, viboko, mashua.
Nikampita karibu, nikamnong'oneza,
chagua rangi.