Kuchagua Makoroboi

Amplifaya mbili juu ya kaunta ya fundi Lugata,
na pesa yangu ni ya moja.
Pesa ya upatu, laki nane na nusu, nimeikunja
ndani ya soksi ya mtoto. Inanuka dagaa,
maana kina mama ninaocheza nao
tunaanika Igombe, na noti nazo huanikwa.

Ya kwanza ni ya transista. Nyepesi:
naibeba kwa mkono mmoja, wa pili unabaki na gitaa.
Ukiwasha, imewaka. Haina salamu ndefu.
Hata umeme ukishuka, kama ule usiku wa Nansio,
taa za ukumbini zikawa na rangi ya chai,
yenyewe haijali, inapiga sauti ileile
uliyoiacha jana, uliyoiacha juzi,
safi kama sahani iliyooshwa na mgeni.
"Hii haikuaibishi, Minza," anasema Lugata.
"Hii ni mwajiriwa."

Ya pili hakuiita kitu.
Aliigeuza tu nione mgongo wake:
valvu nne, vichupa vyenye waya ndani,
na vumbi la bendi iliyokufa kabla sijazaliwa.
Uzito wake ni wa mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.
Alipoiwasha haikujibu.
"Subiri."
Tukasubiri. Nje kuna mtu anagonga bati,
labda wa mwisho wao, bado anatengeneza koroboi
katika mtaa ulioitwa kwa koroboi.
Ndipo nikaona doa jekundu, halafu la pili,
mpaka zote nne zikashika utambi.

Nikagusa uzi wa tatu, polepole.
Mama yangu!
Sauti ilitoka na nyama yake.
Nikaukandamiza, ikakwaruza ukingoni
kama koo la shangazi Holo siku ya tatu ya msiba.
Nikalegeza mkono, nayo ikalegea.
Nikaukasirikia uzi, nayo ikakunja uso.
Ile nyingine inanisikia.
Hii inanisikiliza.

Kadogosa wa besi yuko mlangoni, anahesabu kwa vidole:
nani atapandisha tofali hili mawe ya Mabatini,
ngazi mia na ushee, saa tisa usiku, baada ya harusi?
Bodaboda gani atalikubali?
Valvu ikiungua tutaagiza wapi, na kwa nauli ya nani?
Na ukiitikisa ikiwa ya moto?
Na mvua?
Kila alichosema kilikuwa kweli.
Ndiyo shida ya Kadogosa.

Nikawaza harusi za Desemba. Nikawaza mgongo wangu,
ambao tayari una mtoto na beseni.
Basi, nikasema, nipe ya transista.
Nikatoa soksi, nikaanza kuhesabu kwenye kioo cha kaunta,
gitaa bado limechomekwa kule kwingine, limenilalia pajani.
Laki tano. Laki tano na nusu. Laki sita.
Kiwiko kikagusa nyuzi,

na umeme ukakatika.

Mtaa mzima ulisema "aah" kwa pamoja, kama kanisani.
Ile ya transista, kitaa chake cha kijani kikazimika,
ikawa boksi.
Lakini ule mlio wa kiwiko, mlio ambao sikuupiga,
haukufa hapohapo. Ulipungua,
ukapungua tena, kama mtu anayeaga
ameshavaa viatu, na bado ana habari moja.
Na gizani, nyuma ya mbao,
vile vidoa vinne vikaendelea kutazama kidogo,
vyekundu, halafu vya hudhurungi,
halafu sikujua tena kama naviona au navikumbuka.

Lugata akawasha tochi ya simu.
Hakusema neno. Fundi mzuri anajua
wakati wa kunyamaza na bidhaa yake.

"Ulifika laki sita," Kadogosa akanikumbusha.

"Nimepoteza hesabu," nikasema. "Naanza upya.
Wewe shika upande ule wenye mpini.
Tutapumzika kila ngazi kumi."