Soksi ya Hellevi

Saa tano usiku, Sodankylä.
Ishirini na sita chini ya sifuri,
na betri niliyoijaza jikoni
imekufa kabla sijafunga zipu ya koti.
Nyingine nimeibana kwapani
kama mtoto wa homa abanavyo kipimajoto.

Baridi ya huku ina tabia zake.
Inagandisha grisi ndani ya gia, mota inaguna.
Waya ukiukunja kwa hasira
unakatika kama tambi kavu.
Ila kamera inaipenda:
kadiri inavyopoa, chenga zinapungua,
giza linakuwa giza kweli.
Kinachoniua mimi ndicho kinachoisafisha.

Adui ni umande.
Hauanguki, unajitokeza tu juu ya lenzi,
kimya, kisha unaganda.
Ndiyo maana darubini yangu imevaa soksi,
ya sufu, ya kijivu, iliyokatwa kidole,
ambayo Hellevi aliitafuta wiki nzima
nami nikaapa siijui.
Chini yake nimezungusha mshipi wa umeme,
vuguvugu la kufukuza umande,
lisilofikia kuitikisa nyota.

Siku kumi na tisa za mawingu kabla ya leo.
Theluji, mawingu, mwezi mpevu, theluji,
kisha usiku mmoja mwangavu
ulionikuta zamu, chini ya basi bovu.
Leo ni leo; asemaye kesho
hajaishi huku.

Na kituko ni hiki:
mawingu ya hapa nayalaani,
wingu la kule, pale upangani mwa Mwindaji,
nalikeshea.

Dakika tano kila picha.
Ya kumi na moja, mlango ukalia.
Hellevi, gauni la kulalia, mabuti yangu,
chupa ya kahawa.
"Ndicho hiki kinachokulaza nje?"
Akainama, akachungulia lenzi kwa mbele,
na pumzi yake ikapanda, nyeupe,
ikatua yote.

Aliiona soksi.
Hakusema neno. Alinimiminia kahawa
iliyopoa njiani kuelekea mdomoni.

Alfajiri mawingu yalirudi kama wenye nyumba.
Nilizichambua picha mezani, vidole vikiwasha:
ishirini na mbili safi,
na ile moja ambamo kila nyota
ina duara la ukungu, kama taa ya barabarani siku ya mvua.
Kanuni ni kuifuta.

Bado ninayo.
Soksi imerudi kabatini, imefuliwa,
imekunjwa na mwenzake mzima.
Hakuna aliyeniuliza.