Leseni Ukutani

Kibanda changu kiko Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mlango wa buluu, ubavuni mwa fundi baiskeli.
Ukutani nimetundika karatasi tatu ndani ya fremu moja:
leseni ya biashara, namba ya mlipakodi,
na barua ya uwakala, mhuri umeanza kufifia.
Bwana afya akija, nanyoosha kidole.
Bwana kodi akija, nanyoosha kidole.

Jumanne alikuja Hoza, mtoto wa kaka yangu,
ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.
"Shangazi, pesa haitoki."
Milioni moja na laki nne,
mauzo ya machungwa ya Muheza, misimu miwili,
aliyageuza sarafu isiyolia ukiidondosha sakafuni,
katika soko lenye ofisi kisiwa fulani
ambacho hata kukitamka tulishindwa.

Skrini ikasema, kwa Kiswahili cha mashine:
*Mpendwa mteja, hatutoi huduma kwa wakazi wa nchi yako.*

Nikamuuliza: na siku unaingiza, ulikuwa mkazi wa wapi?
Walipokutumia ile Karibu yenye bendera yetu,
walipotaka kitambulisho, mbele na nyuma,
ulikuwa mkazi wa wapi?
Hoza akatazama ndala zake.

Tukaenda Chumbageni, yeye akiendesha, mimi nimekaa nyuma ubavu,
kwa Wakili Shekibula, mwenye miwani mbili,
moja ya kusomea sheria
na moja ya kumtazamia asiyeweza kulipa.
"Hawa wana ruhusa ya kufanya kazi hapa?"
"Leseni ya hapa hawana."
"Basi imekatazwa."
"Sikusema hivyo."
Akavua miwani, akavaa ile nyingine.
"Muuzaji hakuvuka mpaka. Mnunuzi hakuvuka mpaka.
Iliyovuka ni pesa, nayo haina pasipoti.
Sasa niambie wewe, Bi Mwanakombo,
huduma ilitolewa wapi: kwao kwenye mashine,
au Ngamiani, mfukoni mwa suruali ya huyu kijana?
Halafu wameandika, ukurasa wa arobaini na moja,
kwamba mteja ndiye wa kujua sheria za kwao.
Ulisoma, Hoza?"
"Nilibonyeza Nakubali."

Njia nzima ya kurudi sikusema neno.
Nawaza: miaka kumi na moja nashika pesa za watu,
na nikikosea elfu kumi ya mtu,
anaujua mlango, anamjua mama mkwe wangu,
anajua saa ninayotoka kununua mkaa.
Labda leseni si ruhusa.
Labda leseni ni anwani,
mahali pa mtu kuja kugombana nawe.

Nikaichukua simu ya Hoza, nikawaandikia hao huduma kwa wateja
kama marehemu baba alivyonifunza,
kwamba lalamiko la maana huhesabiwa mizani:

*Mmeingia nyumbani, hodi hamkuipiga,*
*Mmekula sahanini, wali, nyama, hata mboga,*
*Leo deni mlangoni, mwatoka bila kuaga,*
*Mwaja leo, mwaondoka, cha mtu kirudisheni.*

Jibu lilifika kabla sijameza mate:
*Asante kwa kuwasiliana nasi.*
*Kama umeridhika, gusa nyota tano.*

Hoza alicheka, kisha akaacha ghafla.
Alikuwa bado nje, anapiga upepo tairi la nyuma,
mgambo alipoingia na daftari lake.
Nikanyoosha kidole kwenye fremu, kama kawaida.
Huyu alisogea, akasoma.
"Mama, hii imeisha tangu Ijumaa."
Nikahesabu faini, noti juu ya noti, akaniandikia risiti.
Sikumlaumu.
Mlango wa buluu
unaonekana tangu barabarani.